Mpira unafika mbele, magoli hayaji: tafuta kosa lilipo kwenye futiboli ya Australia

Tarehe 7 Septemba 2023, kwenye uwanja wa MCG, Melbourne Demons waliingiza mpira ndani ya mita 50 za Collingwood, yaani eneo la mita 50 mbele ya goli lao, mara 69. Collingwood waliingiza upande wa pili mara 37 tu. Ukimpa mtu hesabu hizo bila kumwambia matokeo, atakuapia kwamba Melbourne walishinda asubuhi na mapema. Matokeo yalikuwa Collingwood 9.6 (60), Melbourne 7.11 (53). Wiki iliyofuata, uwanja uleule, Melbourne wakafungwa tena na Carlton, 11.7 (73) kwa 9.17 (71), na msimu wao ukaishia hapo. Ni timu iliyokuwa imefunga 21.14 (140) kwenye fainali ya 2021 na kumaliza ukame wa ubingwa wa miaka 57.

Kwa ambaye hajazoea kusoma matokeo haya: namba ya kwanza ni magoli, kila goli pointi 6, ya pili ni mipira iliyopita pembeni ya milingoti mikubwa, kila mmoja pointi 1. Kwa hiyo usiku ule dhidi ya Collingwood, Melbourne waliingia mara 69 wakapata chochote mara 18, yaani karibu mara moja katika kila nne. Collingwood waliingia mara 37 wakapata mara 15. Tofauti hiyo ndiyo mada yangu.

Mimi nasaidia kufundisha timu ya mtaani huku magharibi mwa Melbourne. Vijana wengi ni watoto wa familia zilizotoka Afrika Mashariki na Kongo, na ugonjwa huu tumeuugua msimu mzima. Nimeandika haya kwa ajili ya kocha, mzazi au mchezaji anayekwenda nyumbani kila Jumamosi akijiuliza mbona tuliwashika wenzetu robo nne nzima na bado tumefungwa.

Jambo moja tukubaliane kabla ya kushika dalili yoyote. Kosa linaonekana mikononi mwa mshambuliaji, lakini mara nyingi halikuanzia hapo. Limeanzia mguuni kwa aliyempigia, na wakati mwingine pasi mbili nyuma yake. Ukianza kumkaripia mshambuliaji utapoteza mwezi mzima, na mbaya zaidi, utampoteza mshambuliaji mwenyewe.

Kwanza, simama mahali pa kuonea

Ukiwa kando ya uwanja huoni kitu. Uwanja huu ni mduara mrefu. Ule wa MCG una urefu wa mita 160 hivi, na ukiwa pembeni kila mpira wa juu unaonekana mzuri. Nenda nyuma ya milingoti mnayoshambulia. Mpe mtu simu arekodi kutokea hapo, ikiwezekana akiwa juu ya kitu, hata kiti. Wewe shika daftari.

Chora safu tatu. Ya kwanza: aliyepiga kuingia 50 alikuwa huru au amebanwa? Ya pili: mpira ulitua wapi, katikati mbele ya goli au pembeni? Ya tatu: nani aliugusa kwanza baada ya kutua, sisi au wao? Usiandike jina la mshambuliaji. Nilipoanza niliandika majina, na ikifika mapumziko nilikuwa nimeshamhukumu kijana mmoja ambaye, nilipotazama video usiku, alikuwa amechomoka vizuri mara zote, yaani kumkimbia beki wake ili apewe mpira, na hakuna aliyemtazama. Nilimwomba radhi Jumanne mazoezini, mbele ya wenzake, maana nilikuwa nimemsema mbele yao.

Baada ya mechi mbili tu daftari litakuonyesha dalili ipi ni yenu.

Dalili: mpira unaingia mrefu na wa juu, beki wao anadaka bila jasho

Hii ndiyo inayosumbua timu nyingi, na hapa nitakaa.

Mliotoka kwenye soka mkumbuke: hapa hakuna kuotea na hakuna golikipa, na mpira uliopigwa umbali wa mita 15 au zaidi ukidakwa safi kabla haujaguswa na mtu, aliyedaka anapewa nafasi ya kupiga bila kuguswa. Sheria hiyo haichagui mshambuliaji wala beki. Kwa hiyo mpira wa kubutua, ambao kwenye soka ungeishia kuwa kona au kurusha, huku unakuwa zawadi: beki anadaka, anatulia, anatazama uwanja wote uliofunguka mbele yake kwa sababu nyinyi nyote mmepanda, na anawarudishia.

Tena fikiria muda. Mpira uliopanda mita 10 hukaa hewani karibu sekunde 3. Kwa sekunde hizo mchezaji anayekimbia vizuri anamaliza mita 20. Kwa hiyo beki ambaye hakuwa na mtu wa kukaba, aliyesimama kando akisoma mchezo, ana muda wa kutosha kuja kuwa mtu wa tatu kwenye vita ya wawili. Kazi hiyo ya kusoma na kuja kunasa ina mabingwa wake. Aliir Aliir, aliyezaliwa kambi ya Kakuma nchini Kenya, alichaguliwa kwenye kikosi bora cha AFL, ligi kuu ya mchezo huu, cha 2021 akiwa Port Adelaide, na kunasa mipira ya namna hii ndiko kulikompa jina. Mtazame mechi moja tu, umfuate yeye badala ya mpira, utaona ni kwa nini kubutua mbele si mkakati.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza: aliyepiga alibanwa. Tazama safu ya kwanza ya daftari. Kama mipira mingi iliyonaswa ilitoka kwa mtu aliyekuwa anavutwa jezi, basi washambuliaji wako hawana kosa. Tiba iko kwa viungo. Wafundishe pasi ya ngumi moja zaidi (mpira unashikwa kwa mkono mmoja, unapigwa ngumi kwa mwingine), ya kurudi nyuma, kwa mwenzao anayekuja mbio akiwa uso kwa uso na goli. Vijana wanaogopa kurudisha nyuma. Wanaona ni kupoteza mita. Lakini mtu aliye huru mita 60 kutoka golini ana thamani kuliko aliyekabwa mita 50. Huyo wa nyuma anaona. Huyu wa mbele anatupa tu.

Sababu ya pili: alikuwa huru, bado akabutua. Hii ni ya macho. Kiungo akipata mpira akiinua kichwa, kitu cha kwanza kuona ni milingoti, mirefu na myeupe, na mwili unafuata macho. Sisi tunawaambia "macho chini": kabla hujatazama goli, tazama mita 25 mpaka 30 mbele yako. Hapo ndipo anapochomokea mshambuliaji, na mpira wa kufika hapo unapigwa chini, mkali, usawa wa kifua, beki asipate zile sekunde 3.

Jumanne moja Julai, baridi inauma na nyasi zimelowa, nilimsimamisha kiungo wetu mmoja, kijana wa miaka 17 mwenye mguu mzuri kuliko wote tulio nao. Alikuwa amebutua mara nne mfululizo juu ya mwenzake aliyekuwa peke yake. Nikamuuliza, hukumwona? Akaniambia, "Anko, nilimwona. Ila nilipomwona alikuwa ashapita." Nikarudia video ile usiku na alikuwa anasema kweli. Alikuwa anapokea mpira kwa mikono miwili kifuani, anautazama, anaugeuza mkononi kupanga ncha, maana mpira huu una umbo la yai, ndipo anainua kichwa. Kufikia hapo mwenzake ameshamaliza kuchomoka na beki amemfikia. Tulichobadilisha hakikuwa teke lake hata kidogo. Tulimfundisha kutazama mbele kabla mpira haujamfikia, kama dereva anayetazama kioo kabla ya kukata kona, na kupanga ncha kwa vidole huku macho yako mbele. Wiki tatu hivi. Sasa ndiye tunayemtafuta kila tunapotaka kuingia.

Sababu ya tatu: beki msomaji wao ameachwa bila kazi. Mara nyingi timu inampangia mshambuliaji wake dhaifu, kwa kudhani kwamba anamkwepa. Matokeo yake beki anamwacha huyo dhaifu na kwenda kusaidia wenzake. Fanya kinyume. Mpe mtu anayefunga, mtu ambaye akiachwa mita tano ataadhibu, na huyo mtu aende mbali na mahali mpira unapotarajiwa kuanguka. Beki atalazimika kuchagua. Ukimwona anageuza shingo huku na huku, umeshampunguza nusu.

Kuna kipimo kimoja kizuri hapa, cha bure. Tangu 2019 AFL ina sheria kwamba kila mpira unapoanzishwa katikati ya uwanja, kila timu iwe na wachezaji sita mbele, sita katikati, sita nyuma. Ligi nyingine zina taratibu zao, lakini hata bila sheria, mwanzo wa robo na baada ya goli watu huwa wametawanyika. Linganisha mipira yenu inayoingia moja kwa moja kutoka katikati na ile inayoingia baada ya mchezo kuzunguka. Kama ya katikati inazaa na mingine haizai, miguu yenu ni mizima, mnachelewa. Mnadaka mita 80, mnarudi nyuma, mnavuta soksi, na wapinzani kumi na wanne wanarudi kujaza nyumba yao. Hapo dawa ni kuendelea mara moja baada ya kudaka, au kugeuza mpira upande wa pili kabla ukuta haujasimama.

Watu watasema haraka haraka haina baraka. Haraka ya mtu na haraka ya mpira ni vitu viwili tofauti. Mpira uwahi, aliyeushika atulie.

Dalili: washambuliaji wanachomoka kila mara, hawapewi, mwishowe wanaacha

Hii inaumiza, kwa sababu ukiiacha inakuwa tabia. Mshambuliaji akichomoka mara sita bila kupewa, mara ya saba anasimama mkono juu akiomba mpira wa juu, na mmerudi kwenye dalili ya kwanza.

Tazama video bila kufuata mpira. Wanachomoka wangapi kwa pamoja? Kama watatu wanakimbilia sehemu moja, wanaleta mabeki watatu na wanafunga njia yao wenyewe. Mmoja akija kwenye mpira, wa pili akimbie kinyume, kuelekea golini, wa tatu abaki pembeni amvute mtu wake. Ndugu yangu mmoja tunayefundisha naye huwaambia vijana: njia ya kuchomokea ni mlango wa nyumba, hamuwezi kupita watatu kwa wakati mmoja. Wanakumbuka kuliko michoro yangu yote.

Kisha tazama muda wa kuanza. Kosa la kawaida ni kuchomoka pale mwenzako anapodaka. Mapema mno. Unatakiwa kuchomoka pale anapoinua kichwa. Kabla ya hapo, mtembeze beki polepole upande usioutaka. Mazoezini tunafanya hivi: mpigaji anageuka amelipa goli mgongo, anarushiwa mpira, anageuka, mshambuliaji haruhusiwi kuondoka mpaka aone macho yake. Ni zoezi dogo, na linarekebisha zaidi kuliko hotuba.

Na tazama mguu. Mpigaji wa mguu wa kulia akiwa anakimbia kandokando ya mstari wa kushoto, mpira wake wa asili unaelekea mstarini, na kuukata ndani ni kazi. Kama washambuliaji wanachomokea ndani na mpigaji hawezi kuufikisha, hamjakosea nia, mmekosea mtu. Mweke mwenye mguu wa kushoto upande ule.

Dalili: mnagombania juu, mpira unaanguka chini, wao wanaondoka nao

Si kila mpira utadakwa. Hata timu bora inaangusha mingi, na iliyoanguka ndiyo inayoamua mechi. Huku mchezaji mdogo anayeishi chini ya lundo wanamwita mwokota makombo, na hawamaanishi kumdharau; ni cheo.

Ukiona washambuliaji wawili wenu warefu wanaruka kwa mpira mmoja, hapo mmepoteza mara mbili: wanasukumana wenyewe, na chini hakuna mtu. Sauti inatakiwa. Anayeruka anaita jina lake, mwingine anabaki mbele ya lundo, hatua mbili tatu upande mpira ulikotokea, kwa sababu beki anapopiga mpira ngumi anaupiga kuelekea pembeni au mbele alikotazama. Mmoja akae upande huo pia.

Richmond ya 2017 ndiyo somo langu la kila mara. Walikuwa na mrefu mmoja wa kutegemewa mbele, Jack Riewoldt, wakamzungushia wadogo wenye mbio: Dan Butler, Jason Castagna, Daniel Rioli. Mpira ukiingia, kazi ya kwanza ya Riewoldt ilikuwa kuhakikisha beki hadaki. Ukianguka chini, wadogo wako pale. Wakiukosa, wanamkimbiza beki mpaka akosee. Fainali waliifunga Adelaide 16.12 (108) kwa 8.12 (60), ubingwa wao wa kwanza tangu 1980. Timu yenye warefu wachache isikate tamaa. Sisi tuna warefu wawili tu, mmoja ana mtihani kila Jumamosi ya tatu, na mfumo huu ndio uliotuokoa.

Angalia pia kama wadogo wenu wanaendelea kukimbia baada ya kuukosa. Hilo huwezi kulifundisha kwa video. Sifa nyingi tunazotoa Jumamosi jioni, tunampa aliyemkaba beki mpaka akatoa mpira nje, hata kama hakufunga.

Dalili: mnadaka, mnapiga, pointi moja moja

Kabla hujampeleka mtu kupiga mipira mia golini, tazama safu ya pili. Mnadakia wapi?

Milingoti mikubwa miwili iko mita 6.4 mmoja kutoka kwa mwenzake. Ukiwa mbele kabisa unaiona mita 6.4 yote. Sogea pembeni mpaka uwe kwenye pembe ya nyuzi 45, goli lilelile linabaki kama mita 4.5 machoni pako. Ukikaribia mstari, ni ufa wa mlango. Kwa hiyo timu inayoingia kupitia pembeni tu itakuwa na pointi nyingi na magoli machache, hata ikiwa na miguu mizuri. Wapinzani wanajua, mabeki wazuri wanawasukuma huko kwa makusudi na kuwaachia mdake.

Mfano mkubwa wa kupoteza kwa pointi moja moja ni fainali ya 2008. Geelong walipata 11.23 (89), Hawthorn 18.7 (115). Hesabu mwenyewe: mara 34 kwa 25, na wenye 34 wakafungwa. Lakini hapo tahadhari, kwa sababu pointi 11 kati ya zile 23 mabeki wa Hawthorn waliupitisha mpira wao wenyewe ili wapate kuuanzisha upya. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa kuzuia kufanya hivyo kwa makusudi. Ndiyo maana nasisitiza daftari. Namba peke yake ingekuambia Geelong hawajui kupiga.

Tiba ni pasi ya mwisho kukata ndani. Aliyepo pembeni mita 60 atafute mtu katikati badala ya kufuata mstari. Ni pasi ya hatari, ikinaswa mnaadhibiwa, na nisingempa kila mtu ruhusa. Sisi tumewapa wachezaji wanne, kwa majina, na wenzao wanawajua.

Kama mnadaka katikati na bado mnakosa, basi ndiyo, ni upigaji. Mchezaji afanye hatua zilezile kila mara, aushike mpira ncha chini, auachie karibu na mguu uzunguke kinyumenyume. Una sekunde 30. Wengi wanatumia nane kwa hofu.

Dalili: mazoezini safi, mechini hakuna

Mazoezi yenu hayana mabeki. Weka mabeki, tena wazidi mmoja: washambuliaji watano kwa mabeki sita, kwa sababu ndivyo mechi ilivyo. Wiki mbili za kwanza ni aibu tupu. Vumilia.

Siku ya mvua sahau pasi za kifua. Mpira ukilowa haushikiki. Pigeni mbele ya mshambuliaji utue na kuteleza, wadogo wawili wakiufuata. Upepo ukiwa mkali upande mmoja, mpira unasogea hukohuko kila mara, basi msiushindanishe, wapelekeni watu upande huo.

Mahali pa kuanzia wiki hii

Chagua dalili moja, ile yenye alama nyingi kwenye daftari, na mazoezi mawili ya wiki yawe yake tu. Tulipojaribu kutibu zote kwa pamoja vijana walichanganyikiwa, tukafungwa vibaya kuliko mwanzo. Tulipoanza na macho ya viungo peke yake, washambuliaji wakaanza wenyewe kuchomoka kwa wakati, kwa kuwa sasa walijua kuna mtu anatazama.

Jumamosi iliyopita robo ya tatu, yule kijana wa Julai alipokea pasi ya ngumi mita 65, akiwa ameshatazama mbele. Mpira ulipita chini ya mikono ya beki, ukamkuta mwenzake kifuani katikati ya uwanja, mita 30 kutoka golini. Nyuma ya milingoti nikaandika: huru, katikati, sisi.